Postikadi ya meli, na watu ambao hawamo

Kati ya picha za zamani za Uganda zinazozunguka kwenye simu, ipo moja ambayo vijana wetu wanaipenda sana: postikadi ya meli Robert Coryndon kwenye Ziwa Albert. Picha ni nzuri, hakuna ubishi. Meli nyeupe imetulia juu ya maji kama bibi harusi, bomba la moshi limesimama wima. Ukiitazama unatamani kupanda.

Lakini mimi nasema picha hii inasimulia nusu tu.

Meli hiyo ilitengenezwa Uingereza na kampuni ya Thornycroft, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Butiaba mwaka 1930. Ikapewa jina la gavana. Ilikuwa sehemu moja ya njia ndefu: treni mpaka Namasagali, meli ya Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, gari mpaka Butiaba, halafu meli tena kwenda Pakwach na upande wa Kongo. Meli nyingine zilishuka na Nile, zikipita Rhino Camp, mpaka Nimule. Hapo mto una maporomoko, meli haipiti, basi abiria walipanda gari mpaka Juba, na kutoka Juba meli nyingine kuelekea Khartoum.

Sasa yasome hayo majina tena, polepole. Kwa mtalii, Nimule ilikuwa mahali pa kubadilisha chombo. Kwetu ni mpaka ambao watu wamevuka na godoro kichwani. Rhino Camp ilikuwa bandari ya kupeleka mizigo Arua. Leo ni anwani ya maelfu ya wakimbizi.

Na ndani ya meli walikuwemo nani? Serikali ya kikoloni ilidai kodi ya pesa, na West Nile kazi ya mshahara ilikuwa haba. Kwa hiyo vijana wa huku walipanda meli hizi kwenda kusini, kwenye mashamba ya miwa na pamba. Kwenye postikadi hawamo. Kama wamo, ni vidoa tu kando ya gati, vya kukuonyesha meli ni kubwa kiasi gani.

Mpiga picha hakudanganya, alichagua. Postikadi ni biashara: iliuzwa kwa mwenye safari, aandike nyuma, atume kwao. Mbele kuna meli, nyuma kuna maneno ya mgeni. Mbeba mizigo hana upande wowote kwenye kadi hiyo.

Mwanzoni mwa miaka ya 1960 maji ya ziwa yalipanda, bandari ya Butiaba ikaharibika, meli ikaishia hapo. Miaka hiyohiyo reli ikafika Pakwach, lakini haikuendelea mpaka Arua wala Koboko. Chuma kimeliwa na kutu, karatasi imebaki. Ndiyo maana nabishana na karatasi: yenyewe ndiyo inaambia watoto nani alikuwepo.

Rafiki zetu wa mashirika, neno hili ni lenu pia. Kwenye kalenda na ripoti nyingi unakuta tenki la maji katikati, nembo juu yake, na mama mmoja kando na jerikeni lake, amewekwa hapo ili tenki lionekane kubwa. Ni postikadi ileile. Muulizeni huyo mama anataka kupigwa picha akifanya nini. Akikubali, andikeni jina lake chini, na maneno yake mwenyewe, hata kama analalamika kwamba maji hayatoki.

Na sisi wenye simu tusijidanganye. Tunapiga lori jipya, tunapiga jengo jipya, tunasahau aliyeshusha mifuko. Mpige yeye pia, kama anataka, halafu andika alichosema. Upande wa nyuma wa kadi yetu bado ni mweupe, na kalamu tunazo.