Ngonjera Isiyo na Mpinzani: Maoni juu ya Siku ya Kiswahili

Kalenda ya zama hizi imejaa siku zenye majina. Tarehe 10 Februari ni siku ya kunde na jamaa zake. Tarehe 2 Mei ni siku ya jodari. Tarehe 20 Mei ni siku ya nyuki. Tarehe 19 Novemba ni siku ya choo. Wako wanaozicheka siku hizo, wakasema kwamba mwaka una siku 365 tu na karibu kila moja imekwisha kupata mwenyewe. Sisi hatuzicheki. Nia ya siku ya namna hii ni kumwamsha aliyelala, na aliyelala hana budi kuitwa. Swali letu katika makala hii ni jingine: je, siku yetu sisi walimu wa Kiswahili, tarehe 7 Julai, inamwita nani?

Historia ya siku yenyewe inafahamika kwa wasomaji wa jarida hili, lakini si vibaya kuikumbusha. Shirika la UNESCO, katika mkutano wake mkuu wa 41 uliofanyika Paris, liliitangaza siku hiyo mwezi Novemba 2021, na maadhimisho ya kwanza yakafanyika 2022. Tarehe ilichaguliwa kwa sababu siku hiyo ya mwaka 1954 ndipo kilipozaliwa chama cha TANU, kikiongozwa na Mwalimu Julius Nyerere, chama kilichokifanya Kiswahili kuwa chombo cha kudai uhuru. Tena ni tarehe 7 Julai 2000 ulipoanza kutumika Mkataba wa Jumuiya mpya ya Afrika Mashariki. Hapa kwetu Uganda, Baraza la Mawaziri lilitoa uamuzi wa kukifanya Kiswahili lugha rasmi na kusisitiza kifundishwe mashuleni tarehe 5 Julai 2022, yaani siku mbili tu kabla ya sherehe ile ya kwanza, ingawa Katiba ilikuwa imekwisha kukitaja kuwa lugha rasmi ya pili tangu marekebisho ya 2005. Kwa hiyo asitokee mtu akatusingizia kwamba tunaidharau siku hii. Tarehe moja katika kalenda yaweza kulisukuma jambo lililokwama kwa miaka 17.

Hata hivyo, mhakiki hulipimi pambo kwa sababu za kuwekwa kwake, hulipima kwa namna linavyotumika. Katika miaka hii michache tumehudhuria sherehe kadhaa za tarehe 7 Julai, kubwa na ndogo, na karibu zote zina mpangilio mmoja. Kwanza wimbo, kisha risala yenye kutaja Kiswahili kinasemwa na mamilioni mangapi ya watu, kisha ngonjera ya wanafunzi, mwisho hotuba ya mgeni wa heshima, ambaye aghalabu huomba radhi kwa Kiswahili chake, halafu huendelea kwa Kiingereza. Wengi tumezoea kumlaumu mgeni huyo. Sisi leo tunataka kuitazama ile ngonjera, kwa kuwa ndiyo iliyo mikononi mwetu.

Ngonjera ni shairi la majibizano. Marehemu Mathias Mnyampala, aliyefariki 1969, ndiye anayetajwa kuwa mwasisi wake, na vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA, vilivyochapishwa mwanzoni mwa miaka ya 1970, viliienza sanaa hiyo mashuleni. Umbo lake twalijua sote: mmoja hajui jambo au analipinga, mwenziwe anamweleza, wanavutana, na hatimaye wanapatana. Mwisho wa mapatano si kasoro, ni kanuni ya sanaa yenyewe. Lakini mapatano huwa na thamani pale tu ambapo mvutano ulikuwa wa kweli. Katika ngonjera za sherehe zetu mpinzani hupewa beti mbili. Husema Kiswahili ni kigumu, ngeli zinachosha, na kazi za mshahara zinataka Kiingereza. Hujibiwa kwa beti kumi. Ikifika ya tatu amekwisha kulegea, ya tano anaomba msamaha, ya mwisho anaimba pamoja na wenziwe. Watu hupiga makofi. Nani aliyeshawishika? Hakuna, maana waliokuja walikuwa wakikipenda Kiswahili tangu asubuhi.

Jambo hili tulionyeshwa na mtu mwingine, wala hatukuligundua wenyewe. Baada ya sherehe katika shule moja, mzee mmoja, mzazi wa mwanafunzi, alitujia chini ya mti tulipokuwa tunakusanya viti. Alisema kwa Kiswahili cha taratibu: "Mwalimu, watoto wameghani vizuri, nawapongeza. Lakini yule kijana aliyekikataa Kiswahili, mbona hakutoa sababu? Mimi ninayo." Tukamwomba aketi. Akatuambia kwamba maneno ya kwanza ya Kiswahili aliyopata kuyaelewa maishani mwake yalikuwa mawili: panda gari. Aliambiwa hivyo na askari, miaka ya 1980, yeye na kaka yake. Yeye alirudi nyumbani baada ya majuma matatu. "Kaka yangu," akasema, "bado yumo katika gari lile." Kisha akasaidia kubeba viti.

Waganda wenye umri wanayafahamu maneno hayo pasipo kufasiriwa. Lililo muhimu ni kwamba sababu ya mzee yule haisimami peke yake. Ina ukoo mrefu. Gavana William Gowers alipopendekeza mwaka 1927 kwamba Kiswahili kipewe nafasi kubwa katika elimu na utawala wa Uganda, Kabaka Daudi Chwa alimpinga kwa maandishi mwaka 1929, akihofia lugha na hadhi ya watu wake. Jeshi la King's African Rifles lilitumia Kiswahili kama lugha ya amri, na watu wengi wa nchi hii walikisikia kwanza kutoka kwa mtu mwenye bunduki. Idi Amin, aliyelelewa na jeshi hilo, ndiye aliyekitangaza kuwa lugha ya taifa mwaka 1973. Na vita vya 1978 na 1979 vilipokuja, mizinga ya roketi ya majeshi ya Tanzania iliitwa na watu wetu kwa jina gani? Iliitwa Saba Saba. Jina lile lile ambalo kwa Mtanzania ni kuzaliwa kwa TANU na maonyesho ya biashara, kwa Mganda wa umri fulani ni mlio uliotangulia kishindo. Hatusemi kwamba majeshi hayo yalikuja kwa ubaya, kwani wengi waliyapokea kwa shangwe Amin alipoondoka. Twasema tu kwamba sikio lina kumbukumbu zake.

Wala si Uganda peke yake. Jirani zetu wa Kenya wakiitaja Saba Saba wanakumbuka tarehe 7 Julai 1990, watu walipotaka kukusanyika Kamukunji, Nairobi, kudai vyama vingi, serikali ikaupiga marufuku mkutano, na damu ikamwagika. Basi tarehe tuliyopewa kuwa ya sherehe ilikuwa na wapangaji wengine kabla yetu. Mwalimu anayewaambia wanafunzi habari za 1954 peke yake amewapa ukurasa mmoja wa kitabu.

Labda tutaulizwa: sherehe ina haja gani ya kufukua mambo machungu? Jibu twaweza kulipata kwa siku nyingine za kalenda hiyo hiyo. Tarehe 21 Februari, Siku ya Kimataifa ya Lugha Mama, iliyotangazwa na UNESCO mwaka 1999, inakumbuka wanafunzi waliopigwa risasi mjini Dhaka mwaka 1952 kwa kudai lugha yao ya Kibengali itambuliwe. Tarehe 16 Juni, Siku ya Mtoto wa Afrika, iliyowekwa na Umoja wa Nchi Huru za Afrika mwaka 1991, inakumbuka watoto wa Soweto waliouawa mwaka 1976 walipokataa kufundishwa kwa Kiafrikaans. Tazama jambo hili, ndugu msomaji. Katika siku zote mbili kisa ni lugha, na katika zote mbili yuko mtu aliyekataa lugha ya mwingine asilazimishwe. Siku hizo zina uzito kwa sababu mkataaji hakufutwa katika hadithi. Na ile siku ya choo, iliyoanzishwa na Jack Sim wa Singapore mwaka 2001 na kukubaliwa na Umoja wa Mataifa mwaka 2013, kazi yake yote ni kulitaja hadharani jambo ambalo watu waungwana hulinyamazia. Siku yetu ndiyo pekee, kati ya hizi, inayokwepa kulitaja jambo lake gumu.

Hoja nyingine ni nzito zaidi, nayo imeletwa na walimu wenzetu tunaowaheshimu. Wanasema: Kiswahili katika nchi hizi bado ni mche; ukimpa mpinzani beti kumi, watoto watatoka wamejifunza kukichukia. Hofu hiyo tunaielewa. Tumefundisha madarasa yenye kitabu kimoja kwa wanafunzi watano, na hatuna sababu za kuzidisha. Lakini hoja hiyo ingekuwa na nguvu lau chuki hiyo ingekuwa haipo mpaka sisi tuilete. Ipo. Mwanafunzi huipata nyumbani, jioni, akimwambia babu yake kwamba leo alisifu Kiswahili jukwaani. Akiulizwa swali la mzee yule, huyo mtoto wetu mwenye beti kumi atajibu nini? Hana ubeti hata mmoja wa kujibia.

Mwaka uliofuata tulijaribu njia nyingine, tukiwa na woga. Tulimwomba mzee ruhusa ya kuyatumia maneno yake bila kumtaja, naye akakubali. Kijana aliyeigiza mpinzani akapewa beti sawa na mwenziwe, na ndani yake yakawamo magari, vizuizi vya barabarani, na babu asiyetaka kusikia Kiswahili sebuleni kwake. Wanafunzi waliotakiwa kutunga majibu walikwama siku nne. Zile sifa za kawaida, kwamba Kiswahili ni tamu na kinaunganisha, walizileta wakazirudisha wenyewe, wakisema haziingii. Siku ya tano msichana mmoja alisimama darasani akasema: "Mwalimu, hilo panda tunalitumia pia tukipanda mahindi." Wakaanza kutunga kutoka hapo: neno moja, wasemaji wawili, shughuli mbili. Kwa muda wote wa ualimu wetu hatujapata kuwaona wanafunzi wakilitafuta neno la Kiswahili kwa bidii namna ile, maana safari hii walikuwa na mtu wa kumjibu.

Ngonjera ile haikuwa nzuri kwa mizani. Vina vya kati vilikwenda upande mahali pawili. Mwisho wake pia ulivunja kanuni, kwa kuwa mpinzani hakuimba pamoja na wenziwe, alisema tu kwamba atakwenda kufikiri. Makofi yalikuwa machache. Mzee alikuwapo. Alipokuja kutuaga alisema: "Hilo la mahindi sikupata kufundishwa." Hatukulichukua neno hilo kuwa ushindi. Jibu la msichana halimrudishi mtu aliyepanda gari, na mtoto hapaswi kubebeshwa deni la askari. Lakini mzee na mwanafunzi walikuwa wamesemezana kuhusu Kiswahili, kwa Kiswahili, jambo ambalo sherehe zilizotangulia, pamoja na risala zao zote, hazikupata kulifanya.

Kwa hiyo tunatoa shauri kwa wanachama wenzetu, hasa wa nchi hizi ambazo Kiswahili kiliingia kwa njia nyingi, nyingine za biashara na dini, nyingine za kijeshi. Zisomwe habari zote za tarehe 7 Julai: ya 1954, ya 1990, na jina lile la 1979. Waulizwe wazee wa mahali, kila mtaa kwa lugha yake, walikisikia Kiswahili mara ya kwanza kwa nani na kwa neno gani, na majibu yaandikwe. Kisha ngonjera itungwe kutokana na majibu hayo, si kutokana na ngonjera ya mwaka jana. Kazi hiyo haitaki bajeti ya wizara wala mgeni wa heshima. Inataka daftari, na mwanafunzi anayejua kuketi mbele ya mkubwa na kusikiliza.

Sisi tumekwisha kuanza. Tarehe 8 Julai, viti vikiwa vimerudishwa madarasani, wanafunzi wetu wa kidato cha pili huenda nyumbani na swali moja tu la kumwuliza mtu mzima. Majibu yaliyorudi mwaka wa kwanza yalikuwa 31. Tisa kati yao yalikuwa ya sokoni, matano ya kanisani na msikitini, na yaliyosalia yalikuwa ya askari.