Pongezi kwa Mabaharia wa Shehena

Sifa za vita huwaendea wanajeshi. Mimi nawapongeza mabaharia wa meli za shehena, raia ambao katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia walivusha ngano, mafuta na chuma huku nyambizi zikiwawinda.

Tarehe 23 Novemba 1942, meli ya Uingereza Benlomond ilikuwa peke yake katika Atlantiki, ikitoka Cape Town kwenda Paramaribo, bila manowari ya kuilinda. Nyambizi ya Ujerumani, U-172, iliipiga kwa topido, ikazama upesi mno. Kati ya watu 54 alipona mmoja: Poon Lim, mhudumu Mchina mzaliwa wa Hainan. Alipanda chelezo cha mbao chenye biskuti na maji kidogo. Akiba ilipopungua alifungua tochi, akakunja waya wake uwe ndoana. Turubai la jaketi la kuokolea akalitumia kukingia mvua. Siku 133! Wavuvi wa Brazil walipomwokota, Aprili 1943, bado aliweza kutembea mwenyewe.

Ustadi huo haukuwamo katika mkataba wa mhudumu. Na mikataba yenyewe ilikuwa dhuluma: hadi 1941, mabaharia wengi wa Uingereza walikatiwa mshahara siku ileile meli yao ilipozama. Walionusurika walirudi bandarini wakatafuta meli nyingine. Pale Tower Hill, London, kwenye kumbukumbu ya mabaharia, yameandikwa majina ya takriban 24,000 wa vita hiyo ambao kaburi lao ni bahari. Wenzao Wachina waliokuwa Liverpool, wengi walifukuzwa nchini kimyakimya vita ilipokwisha, wakaacha wake na watoto. Pongezi hizi ni zao pia.