WRX ya 2003 Kakamega: tabo iguswe mwisho

Mpenzi wa magari ya mwendo anayeishi Kakamega akiwa na mshahara wa kawaida hana ndoto nyingi za kuchagua. Iliyo karibu zaidi na mfuko wake ni Subaru Impreza WRX ya mwanzoni mwa miaka ya 2000. Mapenzi haya yana historia. Mwaka 1994 Patrick Njiru alimaliza Safari Rally katika nafasi ya nne akiwa ndani ya Impreza, Colin McRae akashinda mashindano hayo mwaka 1997, na Richard Burns akarudia ushindi na gari la aina hiyo mwaka 2000. Watoto waliosimama kando ya barabara wakipigwa vumbi sasa ni watu wazima wenye akiba.

Gari hili ni imara likitunzwa. Tatizo ni mpangilio wa pesa. Mnunuzi huanza na ekzosi ya kelele na kuongeza msukumo wa tabo, kisha rimu, halafu pesa zikibaki ndipo akumbuke breki na rejeta. Kabla mwaka haujaisha, injini iko chini. Nimefuatilia kwa karibu WRX moja ya 2003 iliyonunuliwa na mwalimu wa sekondari mjini hapa na kurekebishwa katika gereji ya jua kali. Kazi yake ilikwenda kinyume kabisa na mtindo huo, na kwa maoni yangu ndiyo njia sahihi kwa mtu wa Kakamega.

Tuanze na ununuzi. Gari la umri huu haliagizwi tena kutoka Japani. Kiwango cha KS 1515 cha shirika la KEBS kinazuia gari lililotimiza zaidi ya miaka 8 tangu lisajiliwe mara ya kwanza. Kwa hesabu hiyo, WRX ya 2003 ilipaswa kuwa imeshaingia Kenya kabla mwaka 2010 haujaisha. Ndiyo maana nambari ya usajili ni kitu cha kwanza kutazama: gari halali la mwaka huo kwa kawaida litakuwa na herufi za KA au za mwanzo wa KB. Ukiliona limevaa KC, herufi zilizoanza kutolewa 2014, usikimbilie kusema limeibwa, lakini usitoe hata shilingi kabla ya kupata maelezo na kuyalinganisha na rekodi za mamlaka ya usafiri, NTSA.

Cha pili ni chasisi. Kuna Impreza nyingi za kawaida zilizobandikwa boneti yenye tundu la hewa na nembo za WRX, zikauzwa kwa bei ya WRX. Nembo hununuliwa dukani, lakini nambari ya chasisi imechongwa kwenye ukuta unaotenganisha injini na abiria. Kwa magari ya soko la Japani ya kizazi hiki, GDA ni WRX ya sedani, GGA ni ile ya stesheni, na GDB ni STI yenyewe. GD2, GD3 na GD9 ni za injini zisizo na tabo. Mwalimu alifungua boneti akaona GDA, akalinganisha na logibuku, kisha akahakikisha nambari ya injini nayo inaoana. Hapo wengi hujikwaa. Katika magari mengi, injini ya EJ20 iliyokuja na gari siyo iliyomo sasa, na injini iliyobadilishwa bila NTSA kuarifiwa humsumbua mnunuzi siku ya kuhamisha umiliki.

Baada ya karatasi, chuma. Kutu ilikaguliwa kwenye matao ya magurudumu ya nyuma na pale shokabzoba za nyuma zinaposhikana na bodi, kisha kompresheni ikapimwa. Kipimo hiki kinastahili kuelezwa taratibu, kwa sababu kimewafanya watu wakatae injini nzima na kukubali mbovu.

Kitabu cha Subaru kinataka takriban psi 140 hadi 170 kwa injini hii ya tabo. Namba hizo ni za usawa wa bahari. Kakamega iko takriban mita 1,500 juu, na hewa hapa ina shinikizo la karibu asilimia 83 ya ile ya Mombasa. Silinda hubana hewa iliyopo, haibani hewa ya kitabuni. Kwa hiyo injini yenye afya kamili hapa itasoma takriban 116 hadi 141. Anayeshika kitabu peke yake akiona 125 atasema ringi zimekwisha. Jambo la kuangalia hasa ni tofauti kati ya silinda nne, zikipimwa injini ikiwa na moto na pedali ya petroli ikiwa imekanyagwa hadi mwisho. Zikikaribiana, sawa. Moja ikianguka peke yake, huenda kingo za pistoni kati ya ringi zimevunjika, na hapo bei yote ya gari inabadilika. Kufikia plagi za injini iliyolala kama hii ni kazi ya jasho, mikono ikipita pembeni mwa betri na chombo cha maji ya kioo, ndiyo maana wauzaji wengi husema haina haja. Muuzaji akikataa kipimo hiki, ondoka.

Jaribio la mwisho lilifanyika uwanja wazi. Usukani ulizungushwa hadi mwisho, gari likatembea polepole kwa duara, kulia kisha kushoto. WRX ya gia za mkono ina difu ya katikati yenye kapu la mafuta mazito, na kapu hilo likiungua gari huruka-ruka kama linavutwa breki. Hili halikuruka. Hata hivyo, tairi zake nne zilikuwa za kampuni tatu tofauti, mbili zikiwa zimelika na mbili mpya kiasi. Kwenye gari linaloendeshwa na magurudumu yote hilo ni sumu. Tairi lenye mzingo mdogo huzunguka haraka zaidi kuliko wenzake, na difu ya katikati hufanya kazi kila mita ya safari, hata barabara ikiwa imenyooka kabisa. Tairi za mtumba za kuokoteza zimeua difu nyingi kuliko madereva wakali. Mwalimu alitumia hali ya tairi kushusha bei, kisha akanunua seti moja ya tairi nne mpya, za kampuni na aina moja, kabla ya kununua kitu kingine chochote.

Siku gari lilipoingia gereji alikuwa na orodha iliyoanza na tabo kubwa zaidi. Fundi aliisoma, akamrudishia. "Mwalimu, hii gari haijakuomba nguvu," alisema. "Imekuomba oili na maji safi." Naye akajibu, "Sawa fundi, anza unapoona wewe."

Fundi alianza na mkanda wa taimingi. Subaru inataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, lakini hakuna mtu aliyejua wa gari hili ulibadilishwa lini, na ukikatika valvu hugongana. Ulibadilishwa pamoja na rola zake, tenshena na pampu ya maji, kwa vile kufungua sehemu hiyo mara mbili ni kulipia kazi ileile mara mbili. Rejeta ilioshwa, ikawekewa kifuniko kipya na thamostati halisi. Kule Kirinyaga Road, Nairobi, ambako wengi bado wanakuita Grogan, spea za Subaru zimejaa, na mzigo ukipandishwa basi jioni asubuhi uko Kakamega. Shida ni kwamba thamostati bandia hufunguka kwa joto tofauti na lile la kiwandani, na kwa kuiangalia tu huwezi kujua. Fundi aliichemsha kwenye sufuria akiwa na kipimajoto kabla ya kuifunga. Hiyo ndiyo aina ya uangalifu ninayoisifu.

Kisha oili. Ndani ya boliti za mabomba ya oili yanayolisha tabo na mfumo wa valvu wa injini hii, EJ205, mna vichujio vidogo vya waya. Oili ikicheleweshwa huziba, na tabo hukauka wakati injini bado inaonyesha shinikizo la kawaida. Kimoja kilipotolewa kilikuwa kimejaa utando mweusi mgumu. Kama mwalimu angefunga tabo mpya juu ya boliti hiyo, angeiua katika wiki chache na kulaumu aliyemuuzia.

Breki zilifuata. Kakamega hupata mvua ya takriban milimita 2,000 kwa mwaka, na mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4 safi huchemka kwa zaidi ya nyuzijoto 230. Ikishanyonya maji kiwango chake cha chini kabisa ni 155. Dereva wa hapa ana mahali pa kulipima hilo asipende: mteremko kutoka Kiboswa kwenda Mamboleo, nyuma ya lori la miwa au la mchanga, mguu ukiwa kwenye breki muda wote. Walibadilisha mafuta yote, padi na mipira ya kaliba. Diski zilibaki zilezile kwa kuwa unene wake ulikuwa bado unaruhusiwa.

Kuhusu springi sina mengi. Kulishusha gari katika eneo lenye matuta kila kituo, kuanzia Khayega hadi Chavakali, ni kulinunulia bampa mpya kila msimu. Shokabzoba za kiwango cha kiwandani na bushi mpya zilitosha, na usukani ukarudi kuwa na majibu.

Ndipo wakafika kwenye nguvu, na hapa kimo cha Kakamega kinarudi na kubadilisha kila kitu. Gari hili lilitoka kiwandani na nguvu za farasi 250, likipangwa kwa petroli ya Japani ya daraja la juu, ambayo huuzwa ikiwa na oktani karibu 100. Petroli yetu ya supa ina 93. Oktani ndogo maana yake mchanganyiko unaweza kulipuka wenyewe kabla ya wakati, na mlipuko huo ndio huvunja zile kingo za pistoni, ambazo katika EJ205 ni za kumiminwa, si za kufuliwa.

Sasa ongeza hewa nyepesi. Geji ya tabo husoma juu ya shinikizo la nje. Tuseme inaonyesha 0.8 bar. Mombasa, penye hewa ya takriban bar 1, injini inapata jumla ya bar 1.8. Kakamega, penye 0.84, inapata 1.64. Dereva anahisi gari limelegea, anafunga kidhibiti cha msukumo cha mkono na kuongeza hadi geji isome karibu 0.96 ili apate jumla ileile. Anadhani ameongeza kidogo. Ukweli ni kwamba tabo ambayo Mombasa ingebana hewa mara 1.8, hapa sasa inaibana zaidi ya mara 2.1. Hewa ya nyuzi 25 inayoingia kwenye tabo yenye ufanisi wa asilimia 70 hutoka ikiwa na karibu nyuzi 100 katika hali ya kwanza, na karibu 130 katika ya pili. Intakula ya WRX, inayopoza hewa hiyo, imelala juu ya injini yenyewe, ikitegemea upepo wa boneti. Nyuma ya trekta la miwa barabara ya Mumias hakuna upepo, na joto lote hilo linaingia kwenye silinda pamoja na petroli ya 93. Kompyuta ya kiwandani inalijua hili. Ina kihisi cha hewa ya nje, na inapunguza msukumo kadiri gari linavyopanda. Kidhibiti cha mkono huipokonya uamuzi huo.

Kwa hiyo kidhibiti hakikufungwa. Fundi wa kompyuta alirekebisha programu ya injini kwa petroli ya hapa: akachelewesha kidogo moto wa plagi pale msukumo unapokuwa mkubwa, akaongeza petroli kidogo, na kuacha msukumo wa kiwandani. Kisha gari lilipandishwa mara kadhaa kutoka Mamboleo kuja Kiboswa, gia ya 3 na ya 4, huku rekodi za kihisi cha mlipuko zikisomwa kwenye laptopu. Marekebisho yalirudiwa mpaka kihisi kikanyamaza. Nguvu ya juu kabisa haikuongezeka kwa kiasi cha kujivunia. Kilichobadilika ni kwamba sasa gari linavuta mlima mzima kwa nguvu ileile, ambapo awali kompyuta ilikuwa ikirudisha moto nyuma katikati ya mlima na dereva akidhani tabo imechoka.

Ekzosi ya kelele haikuwekwa. Iliyokuwepo ilizibwa palipovuja kabla ya tabo, kwa sababu moshi unaotoroka hapo hupunguza kasi ya tabo na kuichelewesha.

Kilichobaki ni giaboksi. Ya gia 5 inajulikana kwa meno kuvunjika gari linapong'olewa kwa klachi kutoka kusimama. Kwenye murram magurudumu huteleza na kuyaokoa meno. Kwenye lami kavu ya barabara ya Webuye hayatelezi, na pigo lote linaishia kwenye gia. Kuna wanaohamia giaboksi ya STI ya gia 6, ila hiyo hudai pia difu ya nyuma na shafti zake, na gharama hufika nusu ya gari. Mwalimu amekataa. Ameagiza klachi ya kawaida na mafuta ya gia ya 75W-90, vitafungwa likizo ya Agosti.