Fomu ya YES husomwa na nani?

Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani ilianzisha mpango wa Kennedy-Lugar YES Oktoba 2002, mwaka mmoja na ushei baada ya mashambulizi ya Septemba 11, kwa ajili ya wanafunzi wa sekondari kutoka nchi zenye Waislamu wengi. Kenya na Tanzania zimekuwa miongoni mwa nchi shiriki. Anayechaguliwa hulipiwa nauli, bima na posho ya kila mwezi, akaishi na familia ya Kimarekani na kusoma shule ya huko kwa mwaka wa masomo. Kwa kuwa ufadhili ni mnono, waombaji wengi huigeuza fomu kuwa mtihani, wakarundika alama, vyeti na vyeo vya ukiranja. Alama nzuri zina nafasi yake, lakini kinachopimwa zaidi ni kama kijana huyu ataweza kuishi kwa watu.

Mchujo wenyewe unathibitisha hilo. Mbali na jaribio la Kiingereza, mwombaji huandika insha, hufanyiwa usaili na hushiriki kazi za kikundi, ambako anayewafunika wenzake kwa maneno anaweza kujiharibia. Kisha kuna barua kwa familia mwenyeji. Kanuni za viza ya J-1 haziruhusu familia hiyo kulipwa, kwa hiyo inafungua mlango kwa hiari, baada ya kusoma habari za mgeni wake. Sasa linganisha. Mmoja anaandika: “Nitakuwa balozi mwema wa nchi yangu.” Mwingine anaandika kwamba analala chumba kimoja na wadogo zake wawili, kila jioni huwafuata madrasa, na waligombania meza ya kusomea mpaka wakapangiana zamu. Ya kwanza ingeweza kuandikwa na yeyote. Ya pili inaonyesha mtu aliyezoea kugawana na kusuluhisha. Barua ya mwalimu nayo ipimwe hivyo hivyo: “mtiifu na mwenye bidii” haimsaidii mtu.

Kuna watakaosema kwamba huku ni kuwafundisha watoto kuigiza. Lakini usaili upo. Msaili akiuliza zamu ya meza ilipangwaje na nani alinung'unika, aliyeyaishi atajibu papo hapo. Aliyebuni ataanza kubabaika. Hoja nzito zaidi ni ya Kiingereza: mtoto wa shule ya kata huanza nyuma ya mwenzake wa shule ya kulipia. Ni kweli, na barua nzuri haifuti pengo hilo. Hata hivyo, akishavuka jaribio, habari za zamu ya meza hazihitaji msamiati mgumu, na maisha ya nyumba yenye watu wengi yamempa mengi ya kusimulia.

Wapo pia wazazi wanaohofia mwaka kupotea, na hofu yao ina msingi, kwani mwaka wa Marekani hauchukui nafasi ya mtihani wa kidato cha nne. Hesabu hiyo ifanywe na mzazi, mwanafunzi na mkuu wa shule kabla ya fomu kujazwa. Wakikubaliana, mwombaji aanze na barua kwa familia, ndipo arudi kwenye insha. Akishajua atakavyojieleza kwa watu atakaokaa nao, vyeti vitabaki kuwa viambatisho.