Maneno Yenye Nyuso Mbili: Kiingereza cha Amani na Tafsiri Yake Kibumba

Mwanafunzi wa Kiingereza hufundishwa mapema kwamba taa inapozimika husemwa kuwa "goes off". Baadaye hukutana na bomu ambalo nalo "goes off", akadhani limezimika, kumbe limelipuka. Darasani kosa hilo huchekesha. Kibumba, kiasi cha kilomita 20 hivi kaskazini mwa Goma, halichekeshi. Mahali hapo pamepitiwa na vita mara nyingi tangu 1994, na kila awamu ya vita imekuja na msamiati wake. Makala haya yanakusudia kuchunguza baadhi ya msamiati huo, na namna ambavyo Kiswahili huufunua au huuficha ukinzani uliomo.

Nchini Kongo Kifaransa ndicho lugha rasmi, na Kiswahili ni mojawapo ya lugha nne za taifa. Kiingereza hakina nafasi ya aina hiyo kisheria. Kimeingia Kivu kwa njia ya mashirika ya misaada, Umoja wa Mataifa na, katika miaka ya karibuni, majeshi ya kanda. Hakisikiki sana sokoni, lakini maamuzi mengi yanayoligusa soko hilo hupitia katika hati zake.

Katika hati hizo yamo maneno ambayo neno moja hubeba maana mbili zinazopingana. "Sanction" ni kuidhinisha, na pia ni kuadhibu. Kifaransa nacho kina utata huohuo. "Oversight" ni usimamizi wa makini, na pia ni kosa la mtu aliyepitiwa. Kiswahili hakina neno moja la kufunika pande zote mbili. Mfasiri hulazimika kuamua kama aliyetajwa amepewa idhini au amewekewa vikwazo, na kama ofisi ilisimamia au ilisahau.

Mfano mzito zaidi ni Azimio 2098 la Baraza la Usalama, lililopitishwa tarehe 28 Machi 2013. Azimio hilo liliunda, ndani ya ujumbe wa kulinda amani wa MONUSCO, brigedi iliyokuwa na askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, likaipa idhini ya "neutralize" makundi yenye silaha. Kwa Kiingereza, aliye "neutral" haegemei upande wowote. Kitenzi kilichozaliwa na neno hilohilo humaanisha kumwondolea adui nguvu, hata kwa kumwua. Kwa hiyo shina la kutoegemea upande ndilo lililotumika kuruhusu mashambulizi. Je, Kiswahili kiseme kupokonya silaha, kuvunja nguvu, au kuangamiza? Hayo ni matendo matatu tofauti, na kwa mzazi ambaye mwanawe amechukuliwa msituni tofauti hiyo ni uhai na kifo. Kiingereza kiliweza kuyaacha yote matatu chini ya neno moja; Kiswahili hakina maficho hayo.

Mfano mwingine ulitokea Kibumba penyewe. Jeshi la serikali liliitwaa Kibumba kutoka kwa M23 mwezi Oktoba 2013. Miaka tisa baadaye waasi hao walikuwa wamerudi. Tarehe 23 Desemba 2022 walifanya hafla ya kutangaza kwamba wanajiondoa na kuiacha Kibumba mikononi mwa Jeshi la Kikanda la Jumuiya ya Afrika Mashariki. Jeshi la serikali lililiita tendo hilo hadaa. Kiingereza kililieleza kwa neno "handover", ambalo laweza kusimama peke yake bila kutaja mtoaji wala mpokeaji. Kiswahili husema "kukabidhi", na papo hapo msikilizaji huuliza: nani amemkabidhi nani, kwa dhamana gani? Aliyekuwa amelala katika kambi ya Kanyaruchinya hakuhitaji nomino. Alihitaji kujua kama aliyekuwa shambani mwake ameondoka.

Hata hivyo, itakuwa ni kujidanganya kukisifu Kiswahili kana kwamba hakina nyuso mbili. "Kuazima" ni kutoa na pia ni kupokea. "Kulinda amani" hutumika hata pasipo na amani ya kulindwa. Neno "mkimbizi" lenyewe lina mtego: kwa umbo, laweza kuhusishwa na kukimbia na pia na kukimbiza, ingawa matumizi yameshikilia maana ya kwanza. Mwaka 1994 kambi ya Kibumba ilipokea umati mkubwa wa Wanyarwanda juu ya mwamba wa volkano usiochimbika kirahisi, si kwa choo wala kwa kaburi, na kipindupindu kikaua maelfu katika kambi za Goma. Miongoni mwao walikuwamo wanajeshi na wanamgambo wa Interahamwe walioshiriki mauaji ya kimbari. Waliokimbia na waliokimbiza waliitwa kwa neno moja, wakapangwa katika mstari mmoja wa chakula. Hapo Kiswahili kilificha sawa na Kiingereza.

Kutokana na hayo, inadhihirika kwamba kasoro haimo katika lugha moja. Imo katika mazoea ya kuliacha neno lenye nyuso mbili lipite bila kuulizwa. Idara za Kiswahili zina wajibu wa kuwafundisha wafasiri kwamba utata wa hati si wa kunakiliwa tu. Ni wa kuelezwa, na kurudishwa kwa mwandishi wake pale usipoelezeka. Anayeishi Kibumba ana haki ya kujua, kwa lugha anayoielewa, kama kilichotangazwa kimezimika au kimelipuka.