Tadbiri ya Cousin: Jinsi Ndege wa Shelisheli Alivyookolewa

Katika visiwa vya Shelisheli yuko ndege mdogo wa rangi ya hudhurungi, mwenye uzito wa takriban gramu 15, ambaye wataalamu humwita Acrocephalus sechellensis na wenyeji, kwa Krioli yao, humwita timerl dezil. Mwaka 1959 ndege wote wa jinsi hiyo waliosalia duniani walikadiriwa kuwa baina ya 26 na 29, nao walikuwa wamebanana katika kisiwa kimoja tu, Cousin, kisichotimia hekta 30, karibu na kisiwa kikubwa cha Praslin. Leo adadi yao ni takriban 3,000, nao wanaishi katika visiwa vitano. Natija hiyo imesifiwa mara nyingi. Mpangilio wa kazi iliyoizaa haukuelezwa kwa kadiri hiyo hiyo, ilhali humo ndimo limo fundisho lenye faida kwa kila anayetaka kuwahifadhi viumbe wa visiwani.

Tuanze na maradhi yenyewe kabla ya dawa. Cousin, kama visiwa vingi vya Bahari ya Hindi, kilikuwa kimegeuzwa shamba la minazi, na maadamu mbata ndiyo iliyokuwa mali, miti ya asili ilionekana kuwa ni magugu ya kufyekwa. Ndege huyu hula wadudu, na karibu wote huwaokota upande wa chini wa majani. Kwa hiyo riziki yake hupimwa kwa wingi wa majani mapana yenye wadudu, nayo makuti ya mnazi hayamtoshelezi. Katika visiwa vingine alikokuwapo zamani, balaa ya kufyekwa misitu ilifuatana na ile ya panya na paka walioletwa na vyombo vya wasafiri. Cousin kilisalimika na panya, na hiyo ndiyo sababu kilibaki kuwa maficho ya mwisho. Kwa muhtasari, palikuwa na amani bali hapakuwa na chakula, na mtu aliyeielewa tafauti hiyo alikuwa amekwisha kuijua nusu ya dawa.

Mwaka 1968 Baraza la Kimataifa la Kuhifadhi Ndege lilikinunua kisiwa kizima, na mwaka 1975 serikali ikakitangaza kuwa hifadhi maalumu. Wenye kazi hawakujenga vizimba, hawakuokota mayai, wala hawakumlisha ndege yeyote kwa mkono; waliiacha biashara ya mbata na wakashika kazi ya kung'oa miche ya minazi, ili mnazi usirithiwe na mnazi mwingine. Nafasi ilipopatikana, miti ya asili ilirudi yenyewe, hasa ule uitwao mapou, yaani Pisonia grandis, ambao mbegu zake zina ulimbo na hujishikiza katika manyoya ya ndege wa baharini, wakazichukua huku na huko bighairi ya ujira. Msitu ulipoongezeka, ndege nao waliongezeka. Kwa kawaida jike hutaga yai moja tu, jambo ambalo lingeweza kumkatisha tamaa mwenye kuhesabu upesi; walakini ndege mzima wa jinsi hii ana umri mrefu kuliko unavyotazamiwa kwa kimo chake, kwani katika kila 100 takriban 84 huuvuka mwaka wakiwa hai. Pale vifo vilipo haba, hata uzazi wa yai moja hujaza kisiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 hesabu ilifika kama 320, kisha ikasimama. Hapo palihitajika busara ya pili, maana hesabu iliyosimama yaweza kufasiriwa kuwa ni dalili ya utulivu au kuwa ni dalili ya ugonjwa mpya. Mtaalamu wa Kiholanzi, Jan Komdeur, aliyeanza kazi kisiwani hapo mwaka 1985, pamoja na wenziwe waliwatia ndege pete za rangi miguuni, kila mmoja na mpango wake wa rangi, hata ikawezekana kumtambua fulani bin fulani kwa darubini, kujua himaya anayokaa, mwenzi wake, wazazi wake na wanawe. Ilidhihirika kwamba kisiwa kimegawanyika katika himaya zipatazo 115, na kwamba vijana wengi, hasa majike, hawakuondoka kwa wazazi bali walibaki kuwasaidia kulea wadogo zao. Usaidizi huo ni mzuri kuutazama, lakini kwa mhifadhi ulikuwa na maana nyingine: vijana walikosa pa kwenda. Kilichozuia ongezeko kilikuwa upungufu wa ardhi, si udhaifu wa uzazi.

Swali lililofuata ni kwa nini hawakuvuka wenyewe. Kisiwa cha Cousine kipo mwendo wa kilomita 1.6 tu na huonekana kwa macho. Uchunguzi wa mbawa zao ulithibitisha kwamba wanao uwezo wa kuruka masafa hayo, ila hawana hamu ya kuyaruka. Mara chache mno ameonekana ndege mwenye pete akihama kwa hiari yake kutoka kisiwa hadi kisiwa. Kwa hiyo kungoja kwamba watatawanyika kwa majaaliwa kungekuwa ni kungoja bure, na ilimbidi binadamu awavushe.

Mwezi wa Septemba 1988 ndege 29 walinaswa kwa nyavu nyembamba wakapelekwa kisiwa cha Aride, na mwaka 1990 wengine 29 wakapelekwa Cousine. Uhamisho huu ulikuwa jaribio na tiba kwa wakati mmoja. Kule Cousin, mahali palipotolewa ndege wenye himaya palijazwa upesi sana na wasaidizi waliokuwa wakingoja, pengine katika muda wa saa chache tu. Ikawa ithibati kwamba kisiwa mama hakikupata hasara yenye kudumu. Kule Aride, ambako kisiwa kizima kilikuwa kitupu na wadudu tele, vijana wa kwanza hawakubaki kwa wazazi wao hata kidogo bali walijitwalia himaya. Ada ya kusaidia ilirejea baadaye, himaya zilizo bora zilipokwisha kushikwa. Haikuchukua miaka mingi Aride ikawa na ndege wengi kuliko Cousin.

Jambo la kushangaza zaidi lilitokea katika mayai. Komdeur na wenziwe walionyesha kwamba wazazi wanaokaa katika himaya maskini huzaa wengi wao madume, yapata asilimia 77, na wanaokaa katika himaya tajiri, ikiwa hawana wasaidizi wengi, huzaa majike kwa asilimia 87. Dume huenda zake na hawi mzigo katika ardhi yenye njaa. Jike hubaki na msaada wake hufaa palipo na shibe. Jozi zilizochukuliwa kutoka himaya maskini zikawekwa katika himaya tajiri ziliacha kuzaa madume zikaanza kuzaa majike. Kwa mhifadhi, faida yake ni dhahiri: ndege wachache wanaofunguliwa katika kisiwa kipya chenye rutuba huelekea kuzaa majike, na majike ndio wanaoujaza ulimwengu.

Haja ya kuwa na visiwa vingi ilionekana wazi kwa msiba wa jirani. Mwaka 1995 panya waliingia Frégate, kisiwa kilichokuwa ngome ya ndege mwingine adimu, mweusi mwenye baka jeupe bawani, aitwaye pi santez. Mwaka 2000 chambo chenye sumu kilimwagwa kutoka katika helikopta, huku ndege wenyewe wakiwa wamewekwa vizimbani wasije wakadhurika, na panya wakatoweka. Mpango wa timerl dezil ulizingatia mafundisho ya namna hiyo: kisiwa cha Denis mwaka 2004 kilipokea ndege 58, na Frégate mwaka 2011 kilipokea 59, vyote viwili vikiwa vimekwisha kusafishwa panya. Idadi ya waanzilishi iliongezwa maradufu, na uchunguzi wa jeni uliofuata umeonyesha kwamba vizazi vilivyotokana na ndege 29 vimepoteza sehemu ya hazina ya nasaba ambayo vile vya 58 na 59 vimeihifadhi vizuri zaidi.

Isidhaniwe kwamba tadbiri hii inafaa kila mahali. Kozi wa Morisi, ambaye mwaka 1974 walijulikana wanne tu katika maisha ya porini, asingeweza kungojewa mpaka misitu irudi. Huko Carl Jones, aliyefika mwaka 1979, na wenziwe waliondoa mayai ya kwanza ili jike atage tena, wakayaangua kwa mashine, wakawalea makinda, wakawafungua porini, wakawawekea masanduku ya viota, wakawalisha na kuwazuia nguchiro. Ndege wa Cousin alikosa nafasi na akapewa nafasi; kozi wa Morisi alikosa idadi na akapewa idadi. Anayeiga kitendo cha mmoja kwa mgonjwa wa namna ya pili hupoteza fedha na pengine hupoteza ndege.

Kwetu Pemba, ambako bundi mdogo, ninga na chozi wa kisiwa hicho hawapatikani kwengine, haiwezekani kukifanya kisiwa kizima kuwa hifadhi kama ilivyokuwa Cousin: kina wakulima, mikarafuu na vijiji, na msitu wa Ngezi ni sehemu ndogo tu ya ardhi. Mfano wa Cousin hauwezi kuhamishwa kama ulivyo. Linaloweza kuhamishwa ni utaratibu wa maswali yake: kwanza, kitu gani hasa kinachomzuia ndege huyu kuongezeka, iwe chakula, tundu za kuzalia au maadui, pili, je, hesabu yake inasimama kwa sababu amepungukiwa uzazi au kwa sababu amepungukiwa mahali, tatu, kama ni mahali, ni wapi pengine pako salama na pana shibe. Mradi unaoanza na vizimba kabla ya kuyajibu hayo umeanza na gharama, ilhali pete chache za rangi, daftari na mtu mwenye subira ya kuhesabu mwaka baada ya mwaka vingetoa majibu hayo kwa thamani ndogo zaidi.