Mayai ya Konokono Tangini: Yametagwa Wapi?

Vibonge vya ute, vyembamba, vya manjano hafifu, vyenye vidoa vidogo ndani, vilikuwa vimegandama kwenye kioo cha tangi la samaki la nyumba moja ya Bilpam, jijini Juba. Mwenye tangi alikuwa ameweka humo magugu aliyoyang'oa ukingoni mwa Mto Nile. Konokono mwenyewe hakuwa amemwona. Jirani akamshauri atie mrututu, yaani salfeti ya shaba.

Ushauri huo ulikuwa wa hatari, na nashukuru haukufuatwa. Shaba inayotosha kuua konokono huwaumiza samaki pia, na ute huyakinga mayai. Kabla ya kufikiria dawa yoyote, kuna swali moja la kuuliza: mayai yametagwa wapi?

Tazama Mwea, Kenya. Mwaka 2020 mashamba ya mpunga ya huko yalivamiwa na konokono wa asili ya Amerika Kusini, Pomacea canaliculata. Huyu hutaga mayai ya waridi juu ya maji, kwenye mabua na kuta za mifereji, kwa sababu mayai yake huhitaji hewa. Ukiyaangusha majini mapema, hayaanguliwi. (Vaa glavu, yana sumu.) Ya Bilpam yalikuwa kinyume: yalitagwa chini ya maji, na adui yake ni ukavu.

Basi kazi ilifanyika bila dawa. Maji yalipunguzwa kwa mpira hadi chini ya mayai, kioo kikakwanguliwa kwa wembe, na makapi yakafutwa kwa kitambaa yasirudi majini. Majani yenye ute yalikatwa, mawe yakatolewa nje kuanikwa. Kwenye jua la Juba, ute haukawii kukauka.

Ugumu uko kwenye kurudia. Konokono wa jamii ya Biomphalaria na Bulinus, wanaotaga chini ya maji na kueneza kichocho, wana jinsia zote mbili, na mmoja aliyebaki peke yake anaweza kujirutubisha akaanza ukoo upya. Mayai huanguliwa baada ya wiki moja hivi katika joto kama letu, na watoto huchukua wiki kadhaa zaidi kabla ya kutaga. Kwa hiyo kioo kilikaguliwa kila baada ya siku chache, chakula cha samaki kikapunguzwa kisibaki sakafuni, na usiku likawekwa jani la kabichi lililochovywa maji moto. Alfajiri jani hutolewa pamoja na konokono waliolifuata.

Hofu kubwa nyumbani ilikuwa kichocho, na ina msingi: Nile ya huku ina kichocho cha matumbo. Lakini yai la konokono halibebi kimelea. Konokono huambukizwa baada ya kuanguliwa, maji yanapoingiwa na kinyesi chenye mayai ya minyoo. Aliyestahili kuogopwa ni konokono mzima aliyekuja na magugu, pamoja na maji mabichi ya mto. Lava wa kichocho waliomo majini hufa ndani ya siku mbili hivi wasipompata mtu. Konokono aliyeambukizwa ndiye anayeendelea kuwamwaga, kwa hiyo mikono mitupu haikuingizwa tangini mpaka mzazi huyo alipopatikana, nyuma ya shina, akapondwa, na siku hizo mbili zikapita.

Wapo watakaouliza kuhusu niklosamidi, dawa iliyopuliziwa mabwawa na vijito vya Unguja na Pemba katika mradi wa kutokomeza kichocho uliomalizika 2017. Huko ilibidi kupulizia tena na tena, kwa maana konokono walirudi. Isitoshe, huua samaki, na tangi lipo kwa ajili ya samaki.

Magugu mapya sasa hulowekwa kwanza kwenye ndoo ya maji ya shabu, kutwa nzima au zaidi, kisha husuuzwa na kukaguliwa upande wa chini wa kila jani, ambako ute hupenda kujificha.